Una Shahada Lakini Hukusomea Ualimu: Kuipata Leseni ya Kufundisha Marekani

Leseni ya ualimu Marekani haitoki Washington. Inatoka kwenye jimbo, na kila jimbo lina masharti yake, mitihani yake na makaratasi yake. Tena leseni hiyo haisemi tu "mwalimu". Inataja somo na madarasa: hisabati ya darasa la 7 hadi la 12, elimu maalumu, shule ya msingi. Ndiyo maana anayeuliza "nifanyeje niwe mwalimu Marekani?" hupewa majibu kumi yanayopingana, na yote kumi yanaweza kuwa ya kweli. Uliza hivi: "Nifanyeje nifundishe kemia sekondari, Texas?" Swali hilo lina jibu, na jibu lake lina hatua zinazohesabika.

Ninawaandikia wenye shahada tayari, ila si ya elimu: mhandisi, mhasibu, mtu wa biolojia, mtu wa lugha, awe amesoma Makerere, Dodoma, Nairobi au chuo cha hukohuko Marekani. Njia ya kawaida ingemrudisha chuoni, na mwisho wake kuna muhula mzima wa mazoezi ya kufundisha ambao kwa kawaida hauna mshahara. Njia mbadala inageuza mpangilio. Unathibitisha kwamba somo unalijua, unapata mafunzo mafupi ya kuanzia, unaajiriwa kwa leseni ya muda, unalipwa kama mwalimu, na ualimu wenyewe unausoma jioni, wikendi na likizo. New Jersey na Texas zilianza mpango wa namna hii katikati ya miaka ya 1980, na leo karibu kila jimbo lina wake.

Niseme mapema ninachoamini, maana ndicho kitakachoongoza ushauri wote unaofuata. Watu huiita njia ya mkato, lakini ukweli ni kazi mbili kwa mpigo, na moja kati ya hizo ina watoto ndani yake. Kwa hiyo programu ya mafunzo usiichague kwa bei nafuu wala kwa haraka yake. Ichague kwa kuuliza nani atakuwa nawe darasani mwezi wa kwanza, atakuja mara ngapi, na atakusaidia nini.

Makaratasi kabla ya yote

Kama shahada yako ni ya nje ya Marekani, hatua ya kwanza ni tathmini: kampuni inayotambuliwa inasoma transkripti yako (orodha rasmi ya kozi na alama zako za chuo) na kuandika inalingana na nini kwa mizani ya Marekani. Kampuni nyingi zinazokubalika ni wanachama wa umoja unaoitwa NACES, kama World Education Services na Educational Credential Evaluators. Usilipe hata senti kabla hujafungua orodha ya jimbo lako. Texas ina orodha yake, California ina yake, na ripoti ya kampuni isiyomo kwenye orodha haitasomwa hata ikiwa imeandikwa vizuri namna gani.

Kosa la pili la fedha ni aina ya ripoti. Ipo ripoti fupi inayosema tu kwamba shahada yako inalingana na bachelor, yaani shahada ya kwanza, ya Marekani. Hiyo inatosha kwa waajiri wa kawaida. Ualimu unataka ripoti ya kozi moja moja, inayoonyesha krediti (vipimo vya uzito wa kozi) na alama za kila kozi, na GPA, yaani wastani wa alama, ya jumla chini yake. Aliyenunua ile fupi atalipa tena.

Transkripti yenyewe mara nyingi haipokelewi kutoka mkononi mwako. Chuo kinaituma moja kwa moja, ama kwa bahasha iliyofungwa na kupigwa muhuri, ama kwa mfumo wa kielektroniki. Hapa ndipo muda mwingi hupotelea. Ukiwa mbali, mwombe ndugu anayeishi karibu na chuo aende dirishani na barua yako ya idhini, nakala ya kitambulisho chako na namba ya maombi uliyopewa na kampuni ya tathmini. Namba hiyo iandikwe juu ya bahasha. Bahasha isiyo na namba hufika, ikakaa, na hakuna anayejua ni ya faili lipi.

Waliosoma Tanzania na Uganda wana jambo moja la ziada. Shahada nyingi huko ni za miaka mitatu baada ya kidato cha sita, na Marekani hesabu ya bachelor ni miaka minne, krediti 120. Baadhi ya wakadiriaji huchukua kidato cha sita kuwa sehemu ya safari na kuipa shahada hadhi kamili. Wengine huandika "miaka mitatu ya masomo ya chuo" na kukuacha njiani. Kwa hiyo waulize kwa maandishi kabla ya kulipa, na cheti cha kidato cha sita kitume pamoja na transkripti hata kama hawakukitaja. Aliyesoma Kenya kwa 8-4-4 na shahada ya miaka minne swali hili halimgusi.

Kisha GPA. Vyuo vya Tanzania hutumia mizani ya 5, na Marekani ni ya 4. Mtu mwenye 3.4 ya nyumbani akiandika 3.4 kwenye fomu amejipa alama ambazo hana, na ripoti ya tathmini itamwumbua. Andika ile iliyotoka kwenye ripoti. Viwango vinatofautiana: Texas hutaka angalau 2.5, North Carolina 2.7, New Jersey kwa kawaida 3.0. Texas ina mlango mzuri kwa aliyeanza chuo vibaya akamaliza vizuri, kwa kuwa inaruhusu kuhesabu krediti 60 za mwisho peke yake. Ukiwa na 2.3 ya jumla, usikate tamaa kabla ya kufanya hesabu hiyo.

Majina ni kitu kidogo kinachokwamisha faili zima. Chukua mtu anayeitwa Juma Hassan Ali. Cheti cha kidato cha nne kinasema Juma Hassan, shahada inasema Ali Juma Hassan, pasipoti inasema Juma Hassan Ali. Kwetu ni mtu yuleyule. Kwa mfumo wa jimbo ni watu watatu, kwa sababu unalinganisha jina la kwanza na jina la mwisho tu. Amua sasa jina lipi ndilo la kisheria, yaani lile lililo kwenye kitambulisho utakachoonyesha mtihanini, na ulitumie herufi kwa herufi kila mahali: tathmini, usajili wa mtihani, alama za vidole, akaunti ya jimbo. Kwa nyaraka za zamani, andaa kiapo cha majina mbele ya wakili au mthibitishaji, na ukiambatanishe kila unapotuma.

Krediti za somo: mahali pa kukaa na kalamu

Jimbo halitosheki kuona una shahada. Linataka kujua una kozi ngapi za somo unaloomba kufundisha. Kwa njia mbadala ya New Jersey, mwalimu wa sekondari anatakiwa awe na krediti 30 za somo lake, na 12 kati ya hizo ziwe za ngazi ya juu. North Carolina hutaka krediti 24 za somo, au ufaulu mtihani wa somo badala yake. Texas, ili tu upokelewe kwenye programu, hutaka krediti 12. Kwa hisabati na sayansi kuanzia darasa la 7 ni 15. Na asiyefikisha anaweza kuingia kwa kufaulu mtihani wa somo mapema. Kozi ya kawaida ina krediti 3, kwa hiyo 30 ni kozi kumi, 24 ni nane, 12 ni nne.

Sasa tazama transkripti ya mhandisi wa umeme anayetaka kufundisha hisabati. Amesoma hisabati maisha yake yote. Lakini kozi zilizoandikwa jina la hisabati ni nne tu: Hisabati za Uhandisi I hadi IV. Nyingine ni saketi, mawimbi, mifumo ya udhibiti. Msomaji wa faili anasoma majina ya kozi. Hajui kwamba mifumo ya udhibiti ni milinganyo mitupu. Mhandisi huyu ana krediti 12 machoni pa jimbo, labda 15, na anashangaa kukataliwa.

Dawa zipo tatu. Kwanza, tafuta maelezo ya kozi kutoka kwenye kitabu cha mwongozo cha chuo chako cha miaka ile uliyosoma, uyaambatanishe, na uombe kozi zihesabiwe upya kwa maudhui. Baadhi ya majimbo hukubali, hasa ombi likija kupitia programu. Pili, badilisha somo. Transkripti hiyohiyo ikisomwa kwa jicho la fizikia inaweza kutosha bila kuongeza kitu, na walimu wa fizikia hutafutwa kwa tochi. Tatu, jaza pengo kwenye chuo cha jamii, ambako kozi ni nafuu kuliko chuo kikuu na nyingi husomwa kwa mtandao. Ila hakikisha kozi unayochukua inakubaliwa kwa ngazi inayotakiwa. Vyuo vya jamii hutoa kozi za miaka miwili ya mwanzo, hivyo zile 12 za ngazi ya juu za New Jersey hutazipata huko.

Hesabu hii ifanye mwenyewe kabla mtu wa programu hajakufanyia. Karatasi moja, safu tatu: jina la kozi kama lilivyo kwenye ripoti, krediti, somo. Jumlisha. Utajua ndani ya saa moja uko wapi.

Njia zenyewe

Texas ina programu nyingi kuliko unavyoweza kuzihesabu: za vyuo vikuu, za wilaya za shule, za vituo vya elimu vya kanda, na za kampuni binafsi. Kwa muda mrefu kiwango cha chini kimekuwa saa 300 za mafunzo, nusu yake kabla ya kuingia darasani kama mwalimu, zikiwemo saa za kukaa kwenye madarasa ya wengine na kutazama. Ukishapita mafunzo ya kuanzia na mtihani wa somo, programu inakupa barua ya kustahiki. Barua hiyo ndiyo unayokwenda nayo kwa wakuu wa shule. Ukiajiriwa, jimbo linatoa cheti cha intern, yaani mwalimu ambaye bado yuko mafunzoni, cha mwaka mmoja.

New Jersey inakupa Certificate of Eligibility, ambayo haina tarehe ya kuisha. Ni ruhusa ya kutafuta kazi. Mafunzo ya saa 50 huja mwanzoni, na ukishaajiriwa unapata leseni ya muda ya miaka miwili, huku ukimalizia saa 350 na kulelewa na mwalimu mzoefu wa shule hiyo. Kwa wiki nane za kwanza mlezi huyo anatakiwa kukutana nawe angalau mara moja kwa wiki. Idai mikutano hiyo. Shule yenye shughuli nyingi husahau.

North Carolina na Georgia zinaanzia kwa mwajiri. Kwenye leseni ya muda ya North Carolina, iitwayo Residency License, ni wilaya ya shule inayokuombea leseni, na lazima uwe umejiandikisha kwenye programu. Inadumu mwaka mmoja na inaweza kuongezwa mara mbili. Georgia ina programu yake iitwayo GaTAPP, nayo inakutaka uwe na kazi ya ualimu kwanza. Huko hutumi maombi jimboni ukasubiri. Unaanza kwa kubisha hodi shuleni.

California ina leseni ya intern ya miaka miwili. Kabla ya kuingia darasani unapata saa 120 za mafunzo, na kila mwaka wa shule unatakiwa kupewa saa 144 za msaada na usimamizi, pamoja na saa 45 zaidi kuhusu kuwafundisha wanafunzi ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kati ya masharti yote niliyoyataja, haya ndiyo ninayoyapenda zaidi, kwa sababu saa za msaada zimeandikwa na zinaweza kudaiwa.

Mji wa New York una programu iitwayo Teaching Fellows tangu mwaka 2000: mafunzo mazito ya kiangazi, kisha unafundisha kwa cheti kinachoitwa Transitional B huku ukisomea shahada ya uzamili ambayo sehemu ya gharama yake inalipiwa. Shirika la Teach For America, lililopeleka walimu wake wa kwanza darasani mwaka 1990, linataka ahadi ya miaka miwili kwenye shule zenye watoto wa familia maskini.

Kuna njia nyingine inayokwenda polepole zaidi, nayo ndiyo ningemshauri mtu yeyote anayeweza kuimudu: ukaazi wa ualimu, kama ule wa Boston ulioanza mwaka 2003. Mwaka mzima unakaa darasa moja na mwalimu mzoefu, unapewa posho badala ya mshahara kamili, na majukumu unakabidhiwa kidogo kidogo. Mwezi wa tisa unaongoza dakika kumi za mwanzo wa kipindi. Mwezi wa kumi na mbili unaongoza kipindi kizima huku mlezi akiwa nyuma na daftari. Mwezi wa tatu unashika siku nzima. Unapopewa darasa lako mwenyewe umeshaona mwaka wa shule unavyoanza, unavyochoka katikati, na unavyokwisha. Kwa kubadilishana na hayo unaahidi kubaki kwenye shule za wilaya hiyo kwa miaka kadhaa.

Mwisho mwingine kabisa ni njia ya mitihani mitupu iitwayo American Board: unasoma mwenyewe kwa mtandao, unafanya mtihani wa somo na mtihani wa taaluma ya ualimu, basi. Idaho, Mississippi na Missouri ni kati ya majimbo yanayoikubali, lakini mengi hayaikubali, na ukihama nayo unaweza kuambiwa uanze upya. Hakuna mazoezi ya kufundisha yaliyosimamiwa ndani yake. Kama hujawahi kusimama mbele ya watoto thelathini, ninakusihi usianzie hapo.

Na kwa aliyefika juzi, ambaye karatasi zake bado ziko njiani, kuna mlango wa pembeni: kazi ya msaidizi wa mwalimu. Kwenye shule zinazopata fedha za serikali kuu za Title I (za kusaidia shule zenye watoto wengi wa familia maskini), sheria inataka miaka miwili ya chuo, au stashahada ya miaka miwili, au kufaulu mtihani mfupi kama ParaPro. Mshahara ni mdogo, lakini unajifunza lugha ya shule, mkuu anakujua kwa jina, na wilaya nyingi zina mipango ya kuwapandisha wasaidizi wao hadi leseni. Januari 2022 Tennessee ilikuwa jimbo la kwanza kusajili ualimu kuwa uanagenzi unaotambuliwa na serikali kuu, ambapo mtu anafanya kazi shuleni kwa mshahara huku masomo yake yakilipiwa. Majimbo mengine yamefuata. Uliza ofisi ya wilaya kama wanao mpango huo, maana hautangazwi kwa kishindo.

Mitihani

Majimbo mengi hutumia mitihani ya walimu iitwayo Praxis. Texas ina TExES, California na New York zina ya kwao. Kwenye Praxis, namba ya mtihani ndiyo kila kitu. Hisabati ya sasa ya sekondari ni 5165. Iliyotangulia ilikuwa 5161, na vitabu vyake bado viko sokoni kwa bei ya kuvutia. Alama ya kufaulu hupangwa na jimbo, kwa hiyo aliyefaulu jimbo moja anaweza kuwa amefeli la jirani kwa karatasi ileile. Unapojisajili unaweza kuchagua wapokeaji wanne wa matokeo bila malipo ya ziada: weka jimbo na weka programu. Ukifeli, unasubiri siku 28 kabla ya kurudia. Texas inaruhusu majaribio matano tu kwa mtihani mmoja, kwa hiyo usiende "kujaribu bahati".

Sisi tuliolelewa na mitihani ya kujieleza kurasa nane tunakwama si kwa ugumu wa maswali bali kwa umbo lake: kuchagua jibu, kwenye kompyuta, saa ikikimbia pembeni. Fanya mazoezi kwenye skrini, si kwenye karatasi, na kwa hisabati zoea kikokotoo cha grafu kilichomo ndani ya mtihani wenyewe.

Mtihani wa mbinu za kufundisha ndio unaowashangaza wataalamu wa masomo. Swali huja hivi: mwanafunzi wa darasa la 8 aliyekuwa akifanya vizuri hajaleta kazi ya nyumbani kwa wiki mbili, mwalimu aanze na nini? Majibu: ampunguzie alama, ampeleke kwa mkuu, azungumze naye faragha kisha awasiliane na nyumbani, ambadilishie kiti. Wengi wetu mkono unakwenda kwenye mamlaka. Jibu ni la tatu. Karibu mtihani wote umejengwa juu ya mpangilio huo: kwanza jua mtoto amekwama wapi, kisha rekebisha ufundishaji, kisha shirikisha familia na wataalamu wa shule, na adhabu ije mwisho ikibidi. Ukiukariri mpangilio huo utafaulu. Ukiuamini utafundisha vizuri.

Anayetaka kufundisha Kiswahili chenyewe hatapata Praxis ya Kiswahili. Majimbo kadhaa hukubali mahojiano ya lugha ya ACTFL, shirika la walimu wa lugha za kigeni, yanayoitwa OPI, ambayo yapo kwa Kiswahili na hufanywa kwa simu au kompyuta. Usidharau kwa sababu ni lugha yako. Anayehoji anatafuta kama unaweza kusimulia kwa mpangilio, kueleza utaratibu, kutetea hoja na kuitikia hali isiyotarajiwa, na majibu mafupi ya "ndiyo, ni kweli" yanakushusha daraja.

Kibali cha kazi ni jambo jingine

Leseni haikupi ruhusa ya kufanya kazi Marekani. Hizi ni ofisi mbili zisizozungumza. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu, mkimbizi aliyepokelewa au aliyepewa hifadhi hana tatizo hapa. Mwenye viza ya mwanafunzi asidanganyike kwamba kujiandikisha kwenye programu ya mtandaoni kunamruhusu kushika darasa la mshahara. Aanzie kwa mshauri wa wanafunzi wa kigeni wa chuo chake. Viza ya J-1 ya walimu ni ya waliokwisha kuwa walimu kwao, wenye uzoefu wa miaka miwili au zaidi. Inadumu hadi miaka mitatu, na inaweza kuongezwa mwaka mmoja au miwili. Haikutengenezwa kwa mhandisi anayebadili kazi.

Mwaka wa kwanza unavyowaangusha watu

Tuchukue siku ya kawaida. Shule inaanza saa mbili kasoro asubuhi, vipindi vitano, wanafunzi zaidi ya mia, saa tisa na nusu kikao, saa kumi na mbili jioni darasa la programu kwa mtandao. Saa 150 za mafunzo zinazobaki Texas, ukizigawa kwa saa sita kwa wiki, ni wiki 25, yaani zaidi ya nusu ya mwaka wa shule. Anayeahirisha hadi likizo ya Desemba hujikuta anahitaji saa nyingi zaidi kwa wiki kuanzia Januari, wakati huohuo wa mitihani ya watoto. Leseni ya muda ina tarehe juu yake, na tarehe hiyo haimsubiri mtu.

Darasani, dakika kumi za kwanza ndizo zinazoamua. Mtaalamu wa somo huingia akitaka kufundisha. Watoto huingia wakitaka kujua kama kuna mtu anayeongoza. Andalio lako la somo lianze na kazi iliyokwisha kuandikwa ubaoni kabla mlango haujafunguliwa: maswali mawili ya jana, dakika tano, kila mtu kimya na kalamu. Wewe simama mlangoni, taja majina yao wanapoingia, kisha zunguka ukitazama madaftari. Ndani ya dakika hizo tano umefanya mahudhurio, umejua nani hakuelewa jana, na darasa limetulia bila kelele yako. Msimamizi anayekuja kukuona ataangalia hilo kabla ya kuangalia unavyoijua kemia.

Kingine kinachowaponza ni IEP, mpango wa elimu wa mtoto mwenye ulemavu, unaolindwa na sheria ya taifa iitwayo IDEA. Ikiwa umeandikwa kwamba mtoto apewe muda mara moja na nusu kwenye mtihani, au asomewe maswali, unatekeleza, si ombi. Siku ya kwanza kazini omba orodha ya wanafunzi wako wenye mipango hiyo, isome yote, na tengeneza ukurasa mmoja wa jina na kinachotakiwa. Mwalimu wa elimu maalumu wa shule atakusaidia ukimwuliza mapema. Akikukuta Novemba hujasoma, amani imekwisha.

Fedha na kufunga faili

Programu nyingi binafsi hukata ada kwenye mshahara wa mwaka wa kwanza. Soma mkataba ujue kinachotokea ukiacha kazi Januari, maana mara nyingi deni linabaki. Kwa raia na wakaazi wanaostahiki msaada wa serikali kuu kuna ruzuku ya TEACH Grant, ambayo kisheria hufika hadi dola 4,000 kwa mwaka kwa wanaosomea masomo yenye upungufu, kwa sharti la kufundisha miaka minne ndani ya miaka minane kwenye shule za kipato cha chini. Ukishindwa, inageuka mkopo wenye riba tangu siku ya kwanza. Na kwa mwenye mkopo wa shirikisho, miaka mitano mfululizo kwenye shule ya kipato cha chini inaweza kufuta hadi dola 17,500 kwa walimu wa hisabati na sayansi za sekondari na wa elimu maalumu.

Hatua ya mwisho wengi hawaijui: kumaliza masomo hakukupi leseni kamili. Programu lazima iingie kwenye mfumo wa jimbo na kukupendekeza, nawe ulipe na kuomba upande wako. Andika barua pepe kwa programu siku 60 kabla ya leseni ya muda kuisha, ukiuliza mambo matatu: saa zangu zimekamilika kwenye kumbukumbu zenu, mitihani yangu imefika, na nani atabonyeza pendekezo na lini. Kama unafikiria kuhama jimbo, vumilia upate leseni kamili kwanza. Mkataba wa majimbo wa kuhamisha walimu, kwa yale yaliyojiunga, unawatambua wenye leseni kamili iliyopitia programu iliyoidhinishwa, na ya muda hauitazami. Weka nakala za ripoti zote za waliokuja kukuona darasani, silabasi za kozi na barua ya kila mwaka wa kazi yenye sahihi ya mkuu wa shule, kwa sababu jimbo jipya litaziomba, na programu uliyosomea inaweza kuwa imeshafunga milango.